Je, Jaji Anaweza Kupunguza Loni Iliyowekewa Boma?

Katika vikundi vya hapa Naro Moru, na Kieni yote kwa jumla, kuna swali ambalo haliishi. Mtu amechukua loni benki akaweka taito ya shamba ambalo ndipo boma lake lilipo. Viazi vikachomwa na baridi, ama bei ya kitunguu ikaanguka, ama yule kijana wa Nairobi aliyekuwa akituma pesa akasimamishwa kazi. Malipo yakakwama na barua zikaanza kuja. Ndipo watu huuliza: je, hakuna mtu anayeweza kuiambia benki ipunguze riba na kuongeza miaka, ili huyu mtu alipe polepole akiwa kwake? Jaji je, hana uwezo huo? Na wengine huongeza la pili: nikienda mahakamani niseme nimefilisika, si shamba litabaki?

Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kuna watu wamepoteza shamba kwa kuyachanganya.

Tuanze na maana ya kuweka taito. Ukisaini rehani, shamba linabaki lako na jina lako linabaki katika rejista. Lakini umeipa benki haki ya kuliuza usipolipa, na katika Kenya benki haihitaji kwenda kortini kwanza ndipo iuze. Inatoa notisi, inaita dalali, basi. Ilikuwa hivyo chini ya sheria ya zamani ya 1963, na ni hivyo chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012. Wengi hufikiri lazima kuwe na kesi kwanza, kwa hivyo wanakaa wakingojea kuitwa na korti. Hakuna atakayekuita. Anayetaka jaji aingilie ni lazima aende kwa jaji yeye mwenyewe.

Marekani walivyojaribu

Jambo hili si la Kieni peke yake. Mwaka 2008 na 2009 nyumba nyingi sana Marekani zilikuwa zinachukuliwa na mabenki. Bei za nyumba zilikuwa zimeanguka, hata mtu akajikuta anadaiwa pesa nyingi kuliko nyumba yenyewe inavyoweza kuuzwa. Kule mtu aliyelemewa na madeni huenda kwa jaji wa ufilisi, na jaji huyo anaweza kupanga upya madeni mengi, hata deni la nyumba ya kupangisha. Lakini deni la nyumba ambamo mdaiwa analala na watoto wake, sheria inamkataza jaji kubadilisha masharti yake. Mahakama ya Juu ya kule iliyathibitisha hayo mwaka 1993. Yaani tajiri mwenye nyumba tatu aliweza kupunguziwa mbili, na maskini mwenye moja hakuguswa.

Basi wakaleta mswada wa kuondoa katazo hilo. Bunge la Wawakilishi liliupitisha tarehe 5 Machi 2009 kwa kura 234 dhidi ya 191. Ulipofika Seneti, ukisimamiwa na Seneta Dick Durbin wa Illinois, ulianguka tarehe 30 Aprili kwa kura 45 dhidi ya 51. Mabenki yalikuwa yamepinga kwa nguvu, yakisema kwamba majaji wakipewa uwezo huo, kila mwenye kukopa baadaye atatozwa riba kubwa zaidi.

Lakini mkulima wa Marekani alikuwa amepewa uwezo huo zamani. Mwaka 1986, wakati mashamba mengi kule yalikuwa yanapigwa mnada, walitunga sehemu maalum ya sheria ya ufilisi kwa ajili ya jamii za wakulima. Chini ya sehemu hiyo jaji anaweza kushusha deni la rehani mpaka lilingane na thamani ya shamba, kubadilisha riba, na kurefusha miaka ya kulipa. Ilianza kama sheria ya muda, na mwaka 2005 ikafanywa ya kudumu. Benki za kule bado zinakopesha wakulima hadi leo. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba jaji akigusa rehani dunia itaanguka, mwulize kuhusu 1986.

Hata hivyo hoja ya mabenki si ya uongo mtupu, na sisi tumeionja. Agosti 2016 Kenya iliweka sheria ya kuzuia riba isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wananchi walishangilia, na waliokumbuka katikati ya miaka ya 1990, wakati riba ilipita asilimia 30, walishangilia zaidi. Kilichofuata ni kwamba benki nyingi zikawa ngumu kwa mkopaji mdogo, na Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa. Riba ilikuwa nafuu kwenye karatasi, lakini kwa mkulima wa ekari mbili mlango ulikuwa umefungwa.

Kufilisika hakuokoi shamba lililowekwa rehani

Sasa tujibu lile swali la pili, kwa kuwa ni fupi. Kenya ina Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliyochukua mahali pa ile ya kikoloni. Ni sheria nzuri kuliko ya zamani. Mtu anaweza kuwapelekea wanaomdai mpango wa kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali kabisa, na madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali. Na aliyetangazwa kuwa amefilisika hafungwi na jina hilo maisha yake yote, kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka 3.

Lakini haya yote ni kwa madeni ambayo hayakuwekewa kitu: la duka, la rafiki, la simu. Mwenye rehani anasimama nje ya foleni. Mpango wowote hauwezi kugusa haki yake ya kuuza bila yeye mwenyewe kukubali. Na mwenye taito ya shamba hawezi kusema hana mali. Kwa hivyo yule anayekuambia, "Jitangaze umefilisika, benki itakuacha," anakudanganya, hata akiwa amevaa tai.

Uwezo wa jaji uko wapi basi?

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Kitu ambacho mwenye nyumba wa Marekani alinyimwa mwaka 2009, sisi tunacho katika sheria tangu 2012, tena hakimo katika sheria ya ufilisi. Kimo katika Sheria ya Ardhi, sehemu ya 105 na ya 106. Sheria inasema kwamba mahakama yaweza kuifungua upya rehani iliyowekwa juu ya nyumba ya ndoa, hata kama mkopo ni wa kiasi gani, kwa ajili ya kutenda haki kati ya pande mbili. Baada ya kuifungua, jaji anaweza kuamuru masharti yabadilishwe, anaweza kuiamuru benki irudishe sehemu ya pesa ilizopokea, na anaweza kuamuru fidia. Nyumba ya ndoa maana yake ni nyumba ambayo mume au mke au wote wawili wanaimiliki au wameikodisha, na wanaishi humo kama jamii. Boma la Naro Moru lenye nyumba ya mabati limo ndani ya maneno hayo sawasawa na jumba la Nairobi.

Kuna nyingine, sehemu ya 103 na 104, ambayo si lazima iwe nyumba ya ndoa. Mwenye shamba anaweza kuomba nafuu, na jaji anaweza kuongeza muda uliowekwa katika notisi, kuahirisha, ama kubadilisha dawa. Benki ina njia zaidi ya moja ya kupata pesa zake: inaweza kukushtaki kwa deni, inaweza kumweka mtu wa kupokea mapato ya shamba, inaweza kulikodisha, ama kuliuza. Kwa mkulima mwenye ekari nne zenye maji ya mfereji, kumwomba jaji shamba likodishwe misimu michache badala ya kuuzwa ni ombi lenye maana. Watu wengi wanaofika kortini huomba tu mnada usimamishwe, basi. Ukisimamishwa bila mpango, deni linaendelea kukua huku mko kwenye kesi, na siku amri ikiondolewa unadaiwa zaidi ya ulivyoanza.

Msikimbie kufurahi, lakini. Majaji wetu wana msimamo wa siku nyingi kwamba korti haiandiki upya mkataba wa watu wawili wazima. Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi mwaka 2001 katika kesi ya National Bank of Kenya na kampuni ya Pipeplastic Samkolit: uliyosaini yanakufunga, isipokuwa uthibitishe kulazimishwa, kudanganywa ama kushurutishwa kwa njia isiyo halali. Sheria ya 2012 imefungua dirisha katika ukuta huo, lakini ukuta bado upo. Anayeenda kwa jaji kusema tu, "Mvua haikunyesha, nihurumie," atasikilizwa kwa heshima na pengine apewe muda. Masharti hayatabadilishwa kwa sababu hiyo peke yake. Anayeenda na karatasi zinazoonyesha kwamba benki ilipandisha riba bila kumjulisha, ama ilihesabu vibaya, ama mke hakuambiwa kitu, huyo ana kesi.

Karatasi hizo zahusu nini? Hebu tuziangalie zile zenye uzito.

Ya kwanza ni riba. Kama mkataba unaruhusu riba kubadilika, benki lazima ikupe notisi ya maandishi ya siku 30 kabla ya kuipandisha au kuishusha, na iandike kwa namna inayoeleweka. Halafu kuna kanuni ambayo kila mwanakikundi anafaa kuijua, iliyoingizwa katika Sheria ya Mabenki na kuanza kazi mwaka 2007. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo. Tuseme mama mmoja alikopa 600,000, akalipa mpaka msingi ukabaki 400,000, kisha akakwama. Hata ikipita miaka kumi, benki haiwezi kumdai zaidi ya 400,000 za msingi na 400,000 za riba, pamoja na gharama halali za kufuata deni. Akiletewa barua ya milioni 1.7, hapo kuna swali la kuulizwa. Kwa hivyo omba taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, si ukurasa mmoja wa mwisho.

Ya pili ni mwenzi wako. Rehani ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mume au mke anayeishi humo amesaini, ama kuna ushahidi katika hati yenyewe kwamba amekubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakazia kwamba ukubali huo uwe wa maandishi na wa mtu aliyeelewa. Akina mama, mkiletewa karatasi jikoni na kuambiwa "weka sahihi hapa haraka, gari linangoja", hapo ndipo haki yenu inapotoka mkononi. Na akina baba, msilete mwanamke mwingine ofisini kusaini kwa jina la mkeo. Hilo ni kosa la jinai, na ndilo la kwanza ambalo wakili wa upande wa pili atalitafuta.

Ya tatu ni bodi ya mashamba. Shamba la kilimo haliwezi kuwekwa rehani bila kibali cha bodi, na ombi lapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali, mapatano hayo ni bure.

Kalenda ya kuhesabu siku

Sasa tuhesabu, kwa sababu wengi huamka siku wanaposoma jina lao gazetini. Ukikosa kulipa na mwezi mmoja ukapita hivyo hivyo, benki inaweza kukuandikia notisi ya kwanza. Notisi hiyo lazima iseme unadaiwa kiasi gani na ikupe muda usiopungua miezi 3 kulipa. Ikiisha na hujalipa, inakuja notisi ya pili, ya kuuza, isiyopungua siku 40. Nakala ya hii ya pili lazima apelekewe pia mwenzi wako aliyekubali rehani, na mdhamini. Kisha dalali naye, kwa kanuni za madalali za 1997, anakupa siku 45 za kukomboa, na mnada hauwezi kufanywa kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini. Ukizipanga moja baada ya nyingine ni zaidi ya siku 200, yaani karibu miezi saba.

Miezi saba ni msimu mmoja wa viazi na nusu ya mwingine. Si muda mdogo. Mwenye kwenda benki katika mwezi wa kwanza, akiwa na hesabu ya mavuno na tarehe anazoweza kulipa, mara nyingi hupata kupangiwa upya bila jaji wala wakili. Benki zinaweza kufanya hivyo zikitaka. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, Benki Kuu ilitangaza utaratibu wa kupanga upya mikopo ya walioathirika, na mikopo mingi ilipangwa upya. Hata kama hamtaelewana, barua uliyoipeleka na mhuri wa benki juu yake itakuwa ushahidi mbele ya jaji kwamba hukujificha.

Benki pia ina wajibu wake wakati wa kuuza. Ni lazima itafute bei nzuri, na shamba lithaminiwe na mthamini kabla ya mnada. Shamba la thamani ya 2,000,000 likiuzwa kwa 1,500,000 au chini, yaani robo nzima imekatwa, sheria inachukulia kwamba benki imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vingine. Kwa hivyo ukisikia bei ya mthamini wao ni ya chini sana, mlete wako mapema.

Mapema, kwa sababu nyundo ya dalali ikigonga mambo yanabadilika kabisa. Kabla ya hapo unaweza kulipa deni na gharama na kubaki na shamba, hata kama ni asubuhi ya mnada. Baada ya hapo haki ya kukomboa imekwisha, na sheria inamlinda sana mnunuzi. Ukionyesha kwamba uliuziwa kwa makosa, kwa kawaida utakachopata ni fidia ya pesa kutoka kwa benki, si shamba. Yale mamlaka yote ya jaji tuliyoyataja hapo juu yanahusu rehani iliyo hai.

Wale wa pembeni, na wadhamini

Neno kuhusu wakopeshaji wa mtaani wanaoshika taito bila kusajili chochote. Sheria ya 2012 inawatambua kwa namna fulani, lakini inawazuia: aliyeshika taito hivyo hawezi kuingia shambani wala kuliuza bila amri ya korti. Wao wanajua hilo, ndiyo maana wengine humsainisha mtu fomu ya kuhamisha shamba siku ile ile ya kumpa pesa, tarehe ikiachwa wazi. Fomu hiyo ukiisaini, hujaweka rehani. Umeuza.

Na kwa vikundi: mwanachama akitoa taito yake kwa ajili ya loni ya kikundi, ama ya mwanachama mwingine, boma lake ndilo litakalouzwa hata kama yeye hakula senti moja. Andikeni katika kitabu cha mikutano ni taito ya nani, kwa loni gani, ya kiasi gani, na mwenzi wake awepo siku hiyo. Mdhamini akipata nakala ya notisi ya siku 40, ailete kwenye kikundi wiki ile ile, asiione haya.

Anayeamua kwenda kortini abebe mkataba wa mkopo, hati ya rehani, kibali cha bodi, taarifa yote ya akaunti, kila notisi pamoja na bahasha yake yenye tarehe, na cheti cha ndoa au kiapo kinachoeleza ndoa ya kimila. Amwulize wakili kesi inafunguliwa wapi. Nyeri kuna Mahakama Kuu na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ugomvi kuhusu rehani na hesabu za benki ni wa Mahakama Kuu, ingawa jambo lenyewe linahusu shamba. Kesi ikipelekwa pasipo pake yaweza kutupwa nje, na siku za notisi zinaendelea kuhesabiwa.